Gitaa la Mbao za Meko

Hotuba kwa wapenzi wa Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, Mji Mkongwe, Unguja, jioni ya Septemba 5. Nimeiandika upya mwenyewe, na nimeacha humu baadhi ya maneno yaliyotoka ukumbini.

Assalaam alaykum. Wazee wangu, dada zangu, vijana, na wageni mliotoka ng'ambo, karibuni sana. Walioniita kuzungumza wananijua kwa kazi yangu: mie fundi redio. Si mwanamuziki, na mlionisikia nikiimba harusini mnalijua hilo vizuri. Tangu niingie nawaona macho yenu yako kwenye kile kisanduku pale mezani kilichofunikwa kanga. Kiacheni kwanza. Tutafika.

Kila ikifika tarehe kama ya leo mazungumzo yetu ni yale yale. Huyu anasema Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alikaa nyumba ile, mwengine anasema sivyo, ni ile ya kona ya pili, wa tatu anaapa kwamba babu yake alikuwa akimbeba mgongoni. Tangu yafunguliwe makumbusho pale Shangani mwaka 2019 mgeni walau anajua apige picha wapi, lakini ubishi haukwisha. Wapo pia wasiotaka hata jina lake litajwe hapa mjini. Mnakumbuka mwaka 2006 sherehe ya miaka 60 iliyokuwa imepangwa ufukweni ikafutwa kwa malalamiko. Leo sikuja kwa hilo wala kwa lile la nyumba. Yanayojulikana yanatosha. Farrokh Bulsara, ndilo jina la Freddie la kuzaliwa, alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Bomi na Jer, Waparsi. Baba yake alikuwa keshia wa Mahkama Kuu. Mtoto akapelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, akarudi kijana, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia nzima ikahamia Uingereza, ikafikia Feltham, kitongoji cha magharibi ya London jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow.

Hapo Feltham ndipo ninapotaka kusimama. Kutoka nyumba waliyofikia akina Bulsara hadi nyumba aliyolelewa Brian May, mpiga gitaa wa Queen, ni mwendo wa kwenda kununua mkate ukarudi chai haijapoa. Hawakuwa wakijuana. Lakini siku ile Farrokh anateremsha masanduku yake katika baridi ya Kizungu, nyumba chache kutoka hapo baba na mwanawe walikuwa wamejifungia chumbani, wanasugua kipande cha mbao kwa msasa. Gitaa la Queen lilikuwa limefika nusu, na bendi yenyewe haijazaliwa! Sisi tunagombania nyumba ya Shangani. Mie ile ya Feltham ndiyo inayoninyima usingizi.

Kwanza niwaambie nilivyoingia katika mambo haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mwanafunzi wa fundi mmoja pale Darajani, mzee mkali, mpiga fidla wa taarab jioni, mchana anafungua redio. Binamu yangu akaja likizo kutoka Maskati na mfuko wa kaseti, moja ikiwa ya Queen, ile albamu yao ya mwaka 1975, A Night at the Opera. Tukaitia kwenye redio ya mteja, eti kuijaribu. Redio yenyewe spika moja. Tulipofika kwenye wimbo wenye mdundo wa kizamani, wa kama bendi za jazi za New Orleans, mzee akaweka chini pasi ya kulehemu. Akanyanyua kidole. "Hiyo klarineti. Na hiyo hapo tromboni." Binamu yangu, ambaye alikuwa amesoma maandishi ya kwenye jalada, akasema hapana mzee, hayo yote ni gitaa moja. Mzee akamtazama kama anavyomtazama mteja anayekataa kulipa. Wakawekeana mkate wa mofa na chai ya maziwa.

Mkate ule haukulipwa mpaka mzee anafariki, Mungu amrehemu. Nilipokuja kupata ushahidi, wimbo ule unaitwa Good Company na kweli ile bendi nzima ya jazi ni Brian May peke yake, sauti moja moja, noti moja moja, nikamwendea. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Basi Mzungu huyo muongo."

(Kicheko.)

Lakini mzee sikio lake halikukosea hata kidogo. Alisikia klarineti kwa sababu mpigaji alitaka asikie klarineti. Gitaa gani linaweza hivyo? Ndiyo maana tuko hapa.

Agosti 1963 Brian alikuwa kijana wa miaka 16. Alikuwa akimhusudu Hank Marvin wa The Shadows na lile gitaa lake jekundu, Fender Stratocaster. Gitaa kama hilo lilikuwa zaidi ya pauni 100, na nyumbani kwao pesa hiyo haipo. Ila baba mtu, Harold, alikuwa mtu wa elektroniki kazini na fundi wa kila kitu nyumbani. Redio na televisheni yao aliziunda mwenyewe. Sasa mnaelewa kwa nini nampenda mzee huyu. Akamwambia mwanawe: tutaliunda. Likawachukua miaka miwili.

Shingo ya gitaa lile ilitoka mekoni. Si meko ya jikoni kama yetu. Kule kila sebule ya zamani ilikuwa na meko ya kuotea moto, na juu yake ubao mnene wa kuwekea saa na picha za marehemu. Rafiki wa familia alikuwa akibomoa meko yake, ubao ukabaki, mahogani ya zaidi ya miaka mia, jamaa wa mkangazi wetu. Mkavu kabisa. Tatizo moja tu: bungua. Ubao ulikuwa na matundu ya bungua, na kijana akayaziba kwa vijiti vya kiberiti, kimoja kimoja, kisha akasugua mpaka hayaonekani. Shingo yote aliichonga kwa mkono, na ni nene kuliko shingo za magitaa ya dukani. Wapigaji wengi wakiishika wanalalamika imejaa kiganja.

Mwili wa gitaa: moyo wake mwaloni uliotoka kwenye meza mbovu, pembeni mbao za kubandika, zile maseremala wanaziita blokibodi, juu na chini wakabandika ngozi nyembamba ya mahogani ili lionekane la kitajiri. Ndani wakaacha mapango kwa makusudi, kwa sababu kijana alitaka gitaa ambalo likisogezwa karibu na spika lianze kuitikia lenyewe na noti isikatike. Yale madoa ya lulu shingoni, yanayomwonesha mpigaji yuko wapi, ni vifungo vya chaza kutoka kisanduku cha ushonaji cha mama yake, Ruth. Mkono wa kuyumbisha sauti ulikuwa chuma cha kushikia mkoba wa baiskeli, na ncha yake ni kipande cha sindano ya kufumia, ya mama huyo huyo. Sijui walimwomba ruhusa. Mie nilipochukua mkasi wa mama yangu kukatia waya nililala nje.

Chini ya mkono huo kuna kitu ambacho fundi yeyote akikiona anavua kofia. Gitaa lenye mkono wa kuyumbisha lina ugonjwa mmoja: ukiyumbisha, nyuzi zikirudi hazirudi pale pale, na gitaa linatoka kwenye sauti. Kinachosababisha ni msuguano. Basi wakachukua kisu cha chuma kigumu, wakakikata, wakaunda makali ambayo kibao kizima cha nyuzi kinapumzika juu yake kama mizani ya dukani. Nyuzi zinavuta upande mmoja, na upande wa pili zinavutwa na springi mbili za valvu za pikipiki, Panther ya mwaka 1928. Mizani haina msuguano. Ukiiachia inarudi mahali pake. Kampuni kubwa zenye viwanda zilikuwa zikihangaika na ugonjwa huo, na hawa waliutibu kwa kisu na springi za pikipiki mbovu.

Gharama ya gitaa lote inayotajwa ni pauni 8.

Sasa niseme aibu yangu. Baada ya kusoma habari hizi mie na mwenzangu mmoja, naye yupo humu, hebu mtazameni anavyojificha, tukasema kama wao wameweza, sisi tuna nini? Tukapata ubao wa mfenesi. Nyuzi tukafumua waya za breki za baiskeli, kama walivyokuwa wakifanya vijana wengi wa zamani bara na visiwani. Freti, vile vyuma vinavyokata shingo chini ya nyuzi, tukazipanga kwa hesabu, na hesabu tuliijua: unachukua urefu wa uzi, unaugawa kwa 18 kasoro kidogo, hapo ndipo freti ya kwanza, kisha urefu uliobaki unaugawa tena, unaendelea hivyo mpaka uchoke. La Brian uzi wake una inchi 24 na freti 24. Letu tulichoka kwenye freti ya 12. Tukalifunga nyuzi jioni, likalia. Wallahi lililia! Tukalitundika ukutani, tukaenda kulala kama wafalme. Siku ya tatu shingo imepinda kama upinde wa Mhadzabe, na kati ya uzi na ubao unapitisha kidole.

Kumbe nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta kwa zaidi ya kilo 30, usiku na mchana, hazilali. Ndiyo maana ndani ya shingo ya gitaa lile kuna fimbo ya chuma inayovuta upande wa pili. Sisi fimbo hiyo tulikuwa hatujaisikia. Gitaa letu likaishia kuwa kifungio cha banda la kuku, na kwa kazi hiyo lilidumu miaka.

Nirudi kwenye mambo yangu, ya umeme. Nitasema neno "pikapu" na naomba vijana msifikirie gari la mizigo. Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele mara maelfu, inakaa chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya. Basi, hapana uchawi mwengine. Brian alizungusha za kwake kwa mkono, na zililia vizuri, ila akiuvuta uzi pembeni zinatoa mchakacho, kwa jinsi sumaku zilivyokaa. Akakubali kushindwa, akanunua tatu za Burns. Hata hizo hakuziacha zilivyo, alizijaza gundi ngumu ndani ili waya usitetemeke na kupiga kelele.

Halafu akafanya jambo ambalo magitaa ya dukani hayakuwa nalo. Kila pikapu akaipa swichi mbili: ya kuwasha na kuzima, na ya kugeuza mkondo wake. Ukiwasha mbili zikielekea njia moja, sauti inanenepa. Ukiigeuza moja, zinapingana, sauti nzito zinauana zenyewe kwa zenyewe, kinachobaki ni chembamba, kikali, kama mtu anayezungumza kwa puani. Swichi sita, na kila mpangilio una koo lake. Mzee wangu wa Darajani alisikia klarineti; mimi nikimsikiliza leo nasikia nai ya taarab katika wimbo mmoja, na katika mwengine nasikia watu wanabishana.

Na hayo yote kwa kupiga nyuzi kwa sarafu. Hakupenda vile vipande vya plastiki, vinapinda. Alitumia sarafu ya Kiingereza ya peni sita. Wazee hapa wanajua, peni sita ni nusu shilingi, na nusu shilingi ya kwetu ni nini?

(Ukumbi: Sumni!)

Sumni. Huyu bwana amezunguka dunia nzima anapiga gitaa kwa sumni! Sarafu ile pembeni ina meno madogo, na ukiinamisha kidogo meno yanakwaruza uzi kabla haujalia, unasikia kama herufi "kh" mbele ya noti. Ukiilaza, noti inatoka laini. Serikali yao iliiondoa kwenye matumizi mwaka 1980, yeye akaendelea nayo, na mwaka 1993 zikapigwa sarafu maalumu zenye sura yake kwa ajili ya ziara yake. Na tarehe 3 Juni 2002 alipanda na gitaa lile lile la mekoni juu ya paa la kasri ya Buckingham, akapiga wimbo wa taifa lao mbele ya dunia. Umri wake miaka 54, upepo unamvuruga nywele, hakuna hata ukuta wa kushikia. Mie nilikuwa natazama naogopea lile gitaa kuliko nilivyomwogopea yeye.

Baba yake alipita kipindi kigumu katikati ya hayo. Alimsaidia kuunda gitaa, lakini kijana alipoacha udaktari wa falsafa wa mambo ya nyota Imperial College kwa ajili ya bendi, mzee Harold alikasirika. Alitaka gitaa liwe la Jumamosi. Baadaye alimwona mwanawe Madison Square Garden, New York, ukumbi umejaa, ndipo moyo ukatulia. Shahada yenyewe Brian aliirudia uzeeni, akaimaliza mwaka 2007.

Sasa nataka kumtaja mtu ambaye katika mikutano hii hatajwi. Tunazungumza Freddie, Freddie, kisha Brian, kisha yule mpiga ngoma mzuri wa sura, Roger Taylor. Yule mkimya wa gitaa la besi anayesimama karibu na ngoma, hana habari na mtu, ndiye wangu. John Deacon. Aliingia bendi mwaka 1971, wa mwisho kuingia, na alikuwa msomi wa elektroniki, ana shahada yake. Bendi ikiwa na kifaa kibovu, yeye ndiye anayekifungua.

Usiku mmoja anatembea London akaona kwenye pipa kubwa la taka za barabarani kuna waya za rangi zinaning'inia. Mtu wa kawaida anapita. Fundi hapiti. Nani kati yenu ameolewa na fundi? Bibie, unajua ninachosema, uvungu wa kitanda umejaa. Deacon akavuta, ikatoka saketi ya redio ndogo, ile sehemu ya kukuzia sauti, transista zake za jemaniamu, zile za zamani. Akaenda nayo nyumbani, akaifunga ndani ya boksi dogo la spika la kuwekwa kwenye rafu ya vitabu, akaipa betri ya volti 9, PP9, betri kubwa la redio ambalo sisi wa umri huu tulikuwa tukilianika juani likiisha nguvu. Hakuna kitufe cha kuongeza sauti. Hakuna cha kupunguza. Hakuna hata swichi. Ukichomeka betri imewaka.

Alikuwa akiitumia kufanyia mazoezi. Brian akaijaribu kwa gitaa lake kupitia kile kidude chake cha kuongeza ukali wa sauti, na hapo ndipo klarineti ya mzee wangu ilipozaliwa. Na tromboni. Na zile fidla unazozisikia zikipanda pamoja mpaka nywele zinasimama. Kwenye majalada yao ya miaka ya 1970 waliandika kwamba hakuna sintesaiza, kinanda cha umeme cha kuiga ala nyengine, iliyotumika, na watu wakadhani ni majivuno. Ilikuwa maelezo tu, kwa sababu watu walikuwa wanauliza vinanda hivi vya gharama mmevitoa wapi. Vimetoka pipani.

Mtaniuliza kwa nini saketi mbovu ya redio itoe sauti tamu kuliko mashine ya studio. Jukwaani Brian alikuwa na ukuta wa amplifaya za Vox AC30, zenye valvu za kioo zinazowaka kama taa, na hizo ni simba. Lakini simba huwezi kumpanga na simba wenzake kumi katika nyimbo moja, watakula watu. Hii ndogo ina spika ndogo, nguvu kidogo, transista zinazolemewa mapema. Gitaa likiisukuma, kilele cha mawimbi kinakatwa taratibu, kama kinalainishwa kwa msasa. Sauti za juu na za chini kabisa zinapotea, na kinachobaki ni katikati, pale koo la binadamu lilipo. Ndiyo maana unaweza kupanga gitaa kumi za aina hiyo, moja juu ya nyingine, na kila moja ikapata nafasi. Ni kama fidla katika Ikhwani Safaa, kikundi chetu cha taarab, hakuna anayemfunika mwenzake.

Jukwaani hakuwa na kwaya hiyo, basi akatumia mashine ya mwangwi yenye utepe kama wa kaseti. Akairefusha njia ya utepe ili mwangwi uchelewe. Anapiga kifungu, kinarudi baada ya muda, yeye tayari anapiga kingine kinachooana nacho. Mtu mmoja anaitikiwa na nafsi yake. Sisi wa maulidi ya homu tunaijua raha ya kuitikiwa.

Na Freddie? Nisije nikaondoka hapa nikapigwa mawe siku ya kuzaliwa kwake. Freddie alikuwa mtu wa piano, tangu Panchgani. Gitaa alilijua kidogo, na mwenyewe hakuficha. Lakini mwaka 1979, akiwa Munich, aliutunga Crazy Little Thing Called Love akiwa amejilaza katika maji ya kuoga hotelini, akaukamilisha kwa kodi chache alizozijua, yaani noti zinazopigwa pamoja. Katika kuurekodi, gitaa la kusindikiza la bila umeme alilipiga yeye. Na Brian, kwa mara moja, gitaa la mekoni akaliweka kando, solo akaipiga kwa Telecaster, gitaa la Fender, ya Roger, kwa sababu wimbo ulitaka harufu ya miaka ya 1950. Ukashika namba moja Marekani. Baada ya hapo kila wakifika kwenye wimbo huo jukwaani, Freddie analivaa gitaa. Tazameni tena Live Aid, lile tamasha la hisani uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985: dakika ishirini na kidogo, na katikati yake mtoto wa Unguja amesimama Wembley na Telecaster kifuani, anapiga kodi zake hizo hizo, anajua watu wote pale wanamtazama usoni na hakuna anayeangalia vidole.

Kabla sijapanda hapa bibie mmoja, amenikataza nisimtaje, alinihadithia kwamba alikuwa akisomea uuguzi London na alikuwepo Wembley Julai 1986. Nikamwuliza, unakumbuka nini? Nilidhani atasema lile joho la kifalme na taji. Akasema: "Nakumbuka gitaa lilipoingia nilijishika kifua, nikadhani ni moyo." Mwengine, kaka yetu aliyekaa Maskati miaka mingi, yeye anakumbuka alivyolisikia neno "Bismillahi" katika Bohemian Rhapsody akiwa ndani ya teksi, akamwambia dereva asimamishe gari ili asikie vizuri, na dereva, ambaye ni Mbaluchi, akasema mimi nasimama hapa kila siku kwa sababu hiyo. Na kijana huyu aliyekaa pembeni ya meza, wa Michenzani, yeye kaseti hajawahi kuishika. Aliwajua Queen kupitia simu, na alipokuja kwangu mara ya kwanza alikuja kutengenezesha chaji. Akakuta naisikiliza ile albamu ya 1975. Akaniuliza, mzee, hiyo ni klarineti?

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia njoo Jumamosi.

Haya, sasa kisanduku. Kijana, toa kanga. Mnaona boksi la spika, limetoka kwenye redio ya mteja ambaye hakurudi kuichukua tangu mwaka 1994. Kama ni wewe, njoo baadaye tuzungumze. Ndani kuna saketi ya redio nyengine, ndogo, niliyoipata dampo. Transista ni za jemaniamu, mbili kati yake zilikuwa zimekufa na nimezitafuta miezi minne. Kwa joto letu hili jemaniamu zinabadilika tabia, mchana inakoroma, usiku kama huu inatulia, ndiyo maana niliomba nizungumze baada ya Isha. Haitoi klarineti, nisiwadanganye. Inatoa kitu kama zumari lenye mafua. Lakini mwezi uliopita ilikuwa inatoa moshi.

Gitaa ni la dukani, la kijana mwenyewe, shingo yake ina chuma ndani, nimehakikisha. Sarafu ninayo mimi. Hii hapa, sumni ya mwaka niliozaliwa, alinipa marehemu mzee wangu wa Darajani siku niliyomaliza kujifunza kazi, akisema ndiyo mshahara wangu wote. Ishike kwa ukingo, mwanangu, iinamishe kidogo, usiilaze. Kitufe cha sauti hakuna, kwa hiyo mlio mstari wa mbele mkitaka kuhama hameni sasa. Nachomeka betri.

Piga.